MAGANDA YA NDIZI SI TAKATAKA
Somo: Kutengeneza mboji ndani ya ndoo, kwa mtu asiye na kibanja

Kila jioni, katika nyumba za Bukoba na Muleba, kuna kazi moja inayofanana. Ni kumenya ndizi. Kisu kinapita, ndizi inaingia katika sufuria, ganda linaanguka chini. Mwenye kibanja hana shida na ganda hilo. Anafungua mlango wa nyuma, anatupa maganda chini ya migomba, basi, yamekwisha. Lakini sisi tusio na kibanja, tuliopanga chumba kimoja mjini au katika senta, tunayatupa wapi?

Wengi wetu tunatupa mferejini. Wengine nyuma ya choo. Wengine tunatia katika mfuko na kuuacha kando ya njia usiku, tukidhani hakuna aliyetuona. Mvua ikinyesha mfereji unaziba, nzi wanajaa, na watoto wanaumwa tumbo.

Leo tutajifunza njia nyingine. Tutajifunza kugeuza maganda hayo kuwa mboji ndani ya ndoo, humo humo chumbani au barazani. Sisi tunaoandika somo hili ni wanakisomo wa zamani. Tumeijaribu kazi hii. Mara ya kwanza tulishindwa, mara ya pili tukafanikiwa. Tutawaeleza yote mawili.

WAZEE WETU WALIJUA

Kwanza tuulize: Kwa nini udongo wa kibanja ni mweusi, na udongo wa rweya ni hafifu? Je, Mungu aligawa udongo kwa upendeleo?

Hapana. Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria mvua ni nyingi sana. Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hayo yanaposhuka ardhini huchukua rutuba na kwenda nayo chini, mahali ambapo mizizi haifiki. Kwa hiyo udongo wenyewe, ukiachwa hivi hivi, hauna nguvu nyingi.

Kibanja kilipata nguvu kwa sababu kililishwa. Wazee walikata nyasi rweyani wakatandaza chini ya migomba. Walipeleka samadi ya ng'ombe. Walipeleka majivu ya jikoni, maganda, na nyasi kuukuu zilizotandikwa ndani ya msonge. Kila kitu kilichotoka kibanjani kikaliwa, mabaki yake yalirudi kibanjani. Walifanya hivyo miaka mingi sana, vizazi na vizazi.

Sasa tazama hali ya leo. Mkungu unakatwa kijijini, unapanda gari, unakwenda mjini. Ndizi zinaliwa huko. Maganda yanatupwa jalalani. Kibanja kimetoa, lakini hakikurudishiwa kitu. Na ganda la ndizi si kitu kidogo. Lina potasiamu nyingi, yaani chakula kile ambacho mgomba unakihitaji sana kuliko mimea mingi. Kutupa maganda ni kama kupokea mshahara na kuutupa ziwani.

KOSA LETU LA KWANZA

Tulipoanza tulidhani kazi hii haina elimu. Tulichukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Tukajaza maganda ya ndizi peke yake, na mabaki ya maharage, na vichwa vya dagaa. Tukafunika tukabana kabisa ili harufu isitoke. Tukaiweka nyuma ya mlango.

Siku ya tano harufu ikaanza. Siku ya nane tulipofungua mfuniko, nzi wakatoka kama moshi. Ndani kulikuwa na uji mweusi na funza. Mama mwenye nyumba akaja mlangoni.

"Mwanangu, humo ndani umeficha nini?"

"Shikamoo mama. Ni mbolea."

"Marahaba. Mbolea gani inanuka namna hii? Itoe leo leo. Usipoitoa, utatoka nayo wewe."

Tuliitoa usiku, kwa aibu. Tukaenda kuizika. Kupoteza chumba kwa sababu ya maganda si jambo la mchezo.

Baadaye tulimwuliza bwana shamba. Alicheka kidogo, kisha akatuambia: "Ninyi hamkutengeneza mboji. Mlitengeneza uozo. Hivyo ni vitu viwili tofauti."

MBOJI NI NINI?

Mboji ni mabaki ya mimea yaliyooza vizuri mpaka yakawa kama udongo mweusi. Wengine huiita mbolea ya vunde. Kazi hiyo ya kuozesha inafanywa na viumbe wadogo sana, wengi wao hatuwezi kuwaona kwa macho. Hao ndio vibarua wetu. Hawataki mshahara, ila wanataka vitu vinne:

1. Vitu vibichi, kama maganda na majani ya mboga.
2. Vitu vikavu, kama nyasi kavu.
3. Hewa.
4. Maji kiasi, siyo mengi.

Hewa ikikosekana, vibarua wetu wanakufa. Wanakuja wengine wasiohitaji hewa. Hao ndio wanaoleta harufu mbaya. Sasa unaona kosa letu. Tulitia vibichi bila vikavu, ganda la ndizi lina maji mengi, na tukabana mfuniko. Hewa ingepita wapi?

VIFAA

Huhitaji kununua kitu kipya. Tafuta hivi:

- Ndoo 2 kuukuu za lita 20, zenye vifuniko. Hata iliyopasuka juu inafaa.
- Karai au beseni kuukuu la kukinga maji chini ya ndoo.
- Vipande vya matofali au mawe 3 ya kuinulia ndoo.
- Gunia kuukuu.
- Kijiti cha kugeuzia, chenye urefu wa mkono.
- Vitu vikavu. Nyasi kavu iliyokatwa fupi fupi, maranda ya fundi seremala, majani makavu, maboksi yaliyochanwa. Hata karatasi ya gazeti inafaa, ukishamaliza kulisoma.
- Udongo mkavu, kopo moja kubwa.

Chukua msumari, upashe moto, utoboe matundu kama 15 chini ya ndoo na mengine 20 ubavuni, juu kidogo. Toboa na mfuniko pia. Matundu yawe madogo ili panya asipite.

HATUA ZA KAZI

Hatua ya 1. Weka mawe ndani ya karai, kisha ndoo juu ya mawe. Iweke mahali pasipo na jua kali. Isiwe karibu na jiko, wala karibu na mtungi wa maji ya kunywa.

Hatua ya 2. Chini kabisa ya ndoo tandika vitu vikavu, unene wa kiganja cha mkono. Hivi vitanyonya maji.

Hatua ya 3. Kata maganda vipande vidogo, kama urefu wa kidole gumba. Kipande kidogo huoza upesi kuliko ganda zima.

Hatua ya 4. Tia bakuli moja la maganda. Juu yake tia mabakuli mawili ya vitu vikavu. Kumbuka: kibichi kimoja, kikavu mara mbili. Mwisho nyunyiza udongo mkavu kiasi cha kufunika. Ganda lisionekane hata moja. Nzi asipoliona hatatua.

Hatua ya 5. Funika kwa mfuniko ule wenye matundu, na uweke jiwe juu yake kwa sababu ya panya.

Hatua ya 6. Kila baada ya siku 3 au 4, geuza kwa kijiti ili hewa iingie. Kisha funika tena kwa udongo kidogo. Nawa mikono kwa sabuni.

Hatua ya 7. Pima maji. Chukua konzi moja, ukamue. Yakitoka matone machache tu kati ya vidole, ni sawa. Yakichuruzika, ongeza vitu vikavu. Ikisambaratika kama vumbi, nyunyiza maji.

Hatua ya 8. Ndoo ikijaa, iache ipumzike. Anza ndoo ya pili. Kwa bakuli moja kila siku, ndoo hujaa kwa wiki 2 au 3, kwa sababu kila siku taka zinashuka. Ndoo ya pili ikikaribia kujaa, mwaga ile ya kwanza katika gunia kuukuu, changanya na udongo sawa kwa sawa, funga mdomo, uweke gunia pembeni barazani mvua isipolifikia. Hapo mboji itamalizia kuiva yenyewe kwa miezi 2 hivi. Ndoo yako imekuwa tupu, endelea.

Kama una familia kubwa, ndoo 2 hazitatosha maganda yote. Usilazimishe. Anza na bakuli moja tu kwa siku mpaka uzoee.

VITU VISIVYOINGIA NDANI YA NDOO

Usitie nyama, mifupa, dagaa, utumbo wa samaki, maziwa wala mafuta. Vitu hivyo huleta harufu, nzi na panya. Usitie nailoni, betri, wala kinyesi cha mtu au cha paka. Majivu tia konzi moja tu kwa wiki, tena yaliyopoa. Majivu ya moto huyeyusha ndoo, na majivu mengi huharibu mboji.

JIHADHARI NA MNYAUKO

Ndugu msomaji, sehemu hii isome mara mbili. Msomee na jirani asiyejua kusoma.

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria ulithibitishwa katika mkoa wetu wa Kagera, na wilaya ya Muleba ndiyo iliyokuwa ya mwanzo kuumwa. Kabla ya hapo ulikuwa umewatesa ndugu zetu wa Uganda tangu mwaka 2001. Ugonjwa huu hauchagui aina ya mgomba. Majani yananyauka na kuwa ya njano. Ua linaloning'inia chini ya mkungu linakauka. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, moja moja, bila mpango. Ukikata shina unaona usaha wa njano. Ukikata ndizi, ndani ina madoa ya rangi ya kutu. Ndizi hiyo hailiki.

Ugonjwa huenezwa na wadudu wanaotembelea maua, na visu na mapanga yasiyosafishwa, na miche iliyotoka katika shamba gonjwa. Mabaki ya mgomba mgonjwa nayo yanabeba vijidudu hivyo.

Sasa fikiri. Mkungu ulionunua sokoni umetoka wapi? Hujui. Wazee walirudisha maganda kibanjani, lakini yalikuwa maganda ya kibanja chao wenyewe. Sisi tunanunua maganda ya mashamba ya watu kumi. Lundo kubwa la mboji hupata joto kali, na joto hilo huua vijidudu vingi. Ndoo ndogo haipati joto hilo. Kwa hiyo shika sheria hizi tatu:

Kwanza: Ukimenya ndizi ukakuta madoa ya kutu ndani, usitie ganda lake katika ndoo. Lichimbie chini, mbali na migomba. Kisha safisha kisu kwa kukipitisha motoni au kwa dawa ya madoa kama Jik.

Pili: Mboji iliyotokana na maganda ya sokoni itumie kwa mboga, siyo kwa migomba.

Tatu: Usichukue maganda ya mjini kupeleka kibanjani kijijini, hata kama unampenda sana mzee wako. Mpelekee sukari.

Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, karibu na Bukoba, wamefanya kazi ya migomba kwa miaka mingi. Ukiona dalili tulizozitaja katika kibanja cha mtu yeyote, usikae kimya. Mwambie ofisa ugani wa kata yako.

MATATIZO NA DAWA YAKE

Harufu mbaya: maji yamezidi au hewa haipiti. Geuza, ongeza vitu vikavu.

Nzi wadogo wadogo: maganda yako wazi. Funika kwa udongo, na funga kitambaa chepesi chini ya mfuniko.

Mboji haiozi: ni kavu mno, au vipande ni vikubwa mno. Nyunyiza maji, kata vidogo.

Sisimizi: pia ni dalili ya ukavu. Nyunyiza maji, ugeuze.

Nyungunyungu: hao si tatizo, ni wageni wa heri. Wale wembamba wekundu, wanaokaa chini ya samadi kuukuu au chini ya majani yaliyooza, wakiingia katika gunia lako waache. Wanakula taka na kutoa mbolea nzuri sana.

Maji meusi yaliyo ndani ya karai nayo usiyamwage. Kopo 1 la maji hayo changanya na makopo 10 ya maji safi, umwagilie udongo chini ya mboga. Usimwagie majani utakayokula.

MBOJI IKIIVA

Utajuaje kwamba imeiva? Ni nyeusi, inamong'onyoka, huoni ganda hata moja. Inanuka kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Ukitaka uhakika, tia mboji katika kopo, panda mbegu 10 za mchicha. Zikiota vizuri, imeiva. Zikikataa, iache mwezi mmoja zaidi.

"Lakini mimi sina shamba, nitaitumia wapi?" Shamba lako ni gunia lingine. Weka kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, ulijaze kokoto. Pembeni jaza udongo debe 2 kwa mboji debe 1. Pandisha kopo juu, jaza tena kokoto na udongo, mpaka gunia lijae. Zile kokoto za katikati ndiyo njia ya maji. Panda mchicha juu, toboa ubavuni upande sukumawiki. Baada ya wiki 3 au 4 utaanza kuchuma mchicha mlangoni kwako.

Gunia letu la kwanza lilipostawi, mama mwenye nyumba alikuja tena. Safari hii alikuja na sahani ya senene.

"Mwanangu, hiyo mbolea yako nipatie na mimi nikatie migomba yangu."

"Mama, tusamehe. Hii siyo ya migomba. Maganda yake ni ya sokoni, hatujui yametoka kwa nani."

Alinuna kidogo. Tukamsomea habari ya mnyauko, kama tulivyoiandika hapa. Alinyamaza, akatazama migomba yake. Ile ndiyo aliyoachiwa na marehemu mumewe, hana nyingine. Akasema, "Basi nijazieni gunia la mchicha." Siku ya pili alituletea nyasi kavu, mzigo mzima. Na maganda ya mikungu yake mwenyewe, isiyo na ugonjwa, ameendelea kuyatupa chini ya migomba yake kama mama zake walivyofanya.

HESABU KIDOGO

Katika ndizi za kupika, ganda ni kama theluthi moja ya uzito, au zaidi. Tuseme nyumba moja inamenya ndizi kilo 3 kwa siku. Ganda ni kilo 1. Kwa siku 30 ni kilo 30. Kama ua mmoja una wapangaji 10:

30 x 10 = kilo 300 kwa mwezi.

Sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo mboji itakuwa kidogo kuliko hapo. Lakini hata hivyo, hizo ni kilo 300 zisizoingia mferejini.

Tena, wewe unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo. Andika tarehe kwenye ndoo siku uliyoanza na siku ilipojaa. Andika kwenye gunia tarehe ya kufunga. Tulipoanza hatukuandika, tukafungua gunia bichi tukidhani limeiva, miche yote ikaungua. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mboji: mabaki ya mimea yaliyooza vizuri.
Potasiamu: chakula cha mimea kinachopatikana kwa wingi katika ganda la ndizi na katika majivu.
Mnyauko: ugonjwa wa migomba unaoletwa na bakteria.
Bakteria: viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Wengine wanatusaidia, wengine wanadhuru.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini udongo wa kibanja ni mweusi kuliko wa rweya?
2. Ndoo yetu ya kwanza ilinuka kwa sababu gani? Taja makosa yote.
3. Bakuli 4 za maganda zinahitaji bakuli ngapi za vitu vikavu?
4. Kwa nini mboji ya maganda ya sokoni isipelekwe kwenye migomba?
5. Katika kijiji chenu au senta yenu, maganda yanatupwa wapi? Nani anaumia?

KAZI YA KUFANYA

Wiki hii, kila mmoja apime maganda ya nyumbani kwake kwa siku 7 na kuandika katika daftari. Mkikutana, jumlisheni. Kisha chagueni watu 3 waanze ndoo, na wengine wawasaidie kutafuta nyasi kavu. Baada ya miezi 3 fungueni magunia yao pamoja, mnuse wote. Yakinuka vibaya, rudieni somo hili kutoka mwanzo bila kuona haya. Sisi tulirudia.

Elimu haina mwisho.